Wale Unaowaona

Jumatano, 8 Oktoba

Daftari hili nimepewa na Farhiya, msimamizi wetu wa zahanati. Ni binti wa watu wa Garissa, yuko Kabati mwaka wa tatu sasa na bado analalamika kwamba chai yetu haina viungo. Aliniambia, "Mama Musyimi, kwa simu jaza namba tu. Hizo story zako zingine andika hapa, usinimalizie siku." Basi naziandika hapa.

Mimi ni Mutindi, mjane, mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji hiki tangu mwaka wa 2007. Nyumba mia moja na mbili ni zangu. Naingia kila nyumba na kuuliza nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama, nani ana mimba, nani anameza dawa ya presha na nani anadanganya kwamba anameza. Nyumba yangu mwenyewe ina watu wawili, mimi na mwaitu. Mwaitu ni mama, lakini huyu ni mama ya marehemu mume wangu. Jina lake ni Syombua, ingawa mimi siwezi kumwita hivyo hata nikiwa peke yangu shambani. Yeye Kiswahili hana, kwa hiyo maneno yake nitayageuza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumemaliza kupanda kwenye vumbi. Mahindi, kunde na ndengu. Mawingu yanaonekana upande wa Makueni, kwetu mbingu ni safi kabisa.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada mgeni mmoja aliniuliza nina wajukuu wangapi. Nikajibu kama ninavyojibu siku zote, "Mmoja tu," kwa ile sauti ya mtu anayeeleza ugonjwa wake. Akanipa pole. Nikaipokea.

Nieleze mara moja ili nisirudierudie. Nilizaa mtoto mmoja, Musyimi, kwa kupasuliwa, na daktari akasema nisijaribu tena. Musyimi anafundisha Wote, na mkewe Wavinya ni karani katika ofisi za kaunti. Wana msichana wa miaka sita. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama ya baba, kwa hiyo huyo mtoto ni mimi, ni Mutindi, na ananiita wajina. Wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba. Huyo angekuwa Mbuku, mume wangu.

Mbuku amelala pale chini ya shamba mwaka wa nne sasa. Mbuku ni sungura, na mwaitu alimpa mwanawe jina la mnyama kwa sababu waliomtangulia walikufa. Kifo kikija kumtafuta mtoto kikute sungura, kiende zake. Akakua, akawa na masikio makubwa, na watu wakasema jina limemfaa. Ninamtamani. Ningependa kuita lile jina kwa sauti uani na mtu aitike, hata kama ni mtoto anayetambaa na kula udongo. Ningempakata nimwambie, mume wangu, umechelewa kurudi.

Lakini Musyimi alishasema mmoja anatosha. Na Wavinya hajakanyaga hapa tangu Pasaka ya mwaka jana. Ana maringo yule msichana. Simu akipiga ni ya dakika mbili, na ni ya kuuliza presha ya mwaitu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ni mimi niliyezunguka hivi vilima miaka kumi na minane na mkoba wa vidonge, nikiwaambia watu wazae wale wanaoweza kuwalea. Musyimi alikuwa anafanya homuwaki pale mezani nikijizoeza hayo maneno. Kati ya watu wote wa kijiji hiki, sikujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa ananisikiliza vizuri zaidi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Jua. Ndege wameanza kufukua mbegu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Farhiya ametupa kazi mpya. Kila mwanamke aliyepita miaka sitini aulizwe amezaa wangapi, walio hai ni wangapi, na waliokufa kabla ya kufika miaka mitano ni wangapi. Wanataka kujua tumetoka wapi, alisema.

Nilicheka moyoni. Ukimwuliza mama mzee wa hapa ana watoto wangapi, atakujibu, "Wale unaowaona." Watu hawahesabiwi kwetu, na ng'ombe pia hawahesabiwi. Unaweza kumtazama ng'ombe mmoja mmoja ukajua nani hajarudi, lakini huwanyoshei kidole ukisema moja, mbili, tatu. Mimi nina njia yangu. Nauliza nani alikuwa wa kwanza, nani akamfuata, huku nikitia alama kwenye karatasi magotini. Nimefanya nyumba kumi na nne hivyo bila mtu kukasirika.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimeharibu.

Nilikuwa na haraka, nilitaka kumaliza kabla ya mkutano wa kanisa. Mwaitu alikuwa ameketi mlangoni akitwanga mahindi ya muthokoi ili yatoke maganda. Nikamwuliza kama karani wa dirishani, "Mwaitu, ulizaa wangapi?" Akaendelea kutwanga. Mtu mwenye akili angeelewa. Mimi nikanyosha vidole mbele ya uso wake nikaanza kumsaidia: Mbuku, Kimeu wa Mombasa, Kanini aliyeolewa Nunguni. "Ni watatu ninaowajua," nikasema. "Na wengine?"

Aliweka mchi chini. Ananizidi miaka thelathini lakini alisimama bila kushika ukuta. Akasema, "Umewahesabu. Nani alikwambia wamekwisha?" Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Jumanne, 28 Oktoba

Mwaitu hali chakula changu. Anajipikia mwenyewe kwenye mafiga yake nyuma ya nyumba, na moshi unaingia kwangu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mvua. Ilianza saa tisa mchana tukiwa tumeanika nguo zote. Nilisimama uani nikalowa makusudi. Mbuku alikuwa akifanya hivyo kila mwaka, anasimama na shati lake ananiita nitoke, na mimi nilikuwa namwambia aache utoto.

Jumapili, 9 Novemba

Mbegu zimeota mistari mizima. Mwaitu amekubali chai yangu, ila haniangalii.

Ijumaa, 14 Novemba

Tulikuwa tunapalilia kunde, yeye mstari wake na mimi wangu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Majina nitakupa. Hesabu ni yako, na usiifanye mbele yangu."

Nilijifuta mikono nikatoa kalamu. Akaanza, na kila jina akang'oa gugu.

Nzioka. Muthoki. Hao surua iliwachukua wiki moja, Nzioka siku ya Jumatatu na Muthoki Alhamisi. Mutie, ambaye alikuwa ameanza kukaa, kikohozi. Halafu Mbuku. Kimeu. Ndululu, aliyeharisha siku mbili mwaka wa njaa ile kubwa. Kanini.

Nikadhani amemaliza. Akafika mwisho wa mstari, akageuka. "Na kuna yule aliyekuja kabla ya wakati wake, kati ya Ndululu na Kanini. Hakupata jina. Na yeye andika."

"Mwaitu, huyo hana pahali kwenye fomu."

"Basi atakaa wapi?" aliniuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetafuta kiti cha mgeni.

Nyumbani nilihesabu mlango ukiwa umefungwa. Saba walizaliwa hai, wanne wakafa wakiwa wadogo. Huyo wa nane sikumwandika. Nilimpigia Farhiya simu, akasema asiyezaliwa akiwa hai hahesabiwi katika swali lile, na mimi hufuata maagizo.

Alhamisi, 20 Novemba

Leo Farhiya alikuja na tukaweka vitabu viwili mezani, kile kikubwa cha 2008 ambacho panya wamekula pembe, na hesabu za mwaka huu kutoka kwenye simu.

Mwaka ule tulikuwa watu 604. Walizaliwa 25, wakafa kumi, na kati ya hao kumi, sita hawakuwa wamefika miaka mitano. Nawakumbuka wote sita. Mwaka huu tuko 437. Wamezaliwa tisa hadi sasa, wamekufa watano, wazee wanne na kijana mmoja wa pikipiki. Mtoto hata mmoja hajafa. Nilirudia safu ile mara tatu nikiogopa nimeruka mstari.

"Angalia," Farhiya alisema. "Toa waliokufa kwa waliozaliwa. Zamani mlikuwa mnaongeza kumi na tano kwa mwaka. Saa hii ni wanne."

"Tumepungua kwa sababu yangu na vidonge vyangu."

"Wacha. Mmepungua kwa sababu vijana wako Nairobi, Athi River na Mombasa. Hao wanahesabiwa huko. Lakini hii ya kuzaa, skiza. Mama yangu alizaa kumi na mmoja. Alizika wanne kabla tuhamie Garissa mjini. Mimi niko na wawili na nalala usingizi. Mtu akijua mtoto wake ataishi, hazai wa akiba."

Niliitazama ile safu ya 2008. Nikamkumbuka mwaitu na Nzioka na Muthoki katika wiki moja. Vifo hupungua kwanza, Farhiya alisema, na watu huendelea kuzaa kama wakati wa zamani, ndiyo sababu kizazi chetu sisi kilijaa kila darasa. Kisha uzazi nao hushuka, polepole, nyumba kwa nyumba. Ndiyo kazi niliyoifanya, na niliifanya vizuri. Nilijivunia kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Alipoondoka nilibaki na kitabu mbele yangu. Hakuna safu ya mtu anayesubiri jina lirudi. Zamani mama mwenye watoto saba alirudisha baba, mama, wajomba na majirani, na bado akabakiwa na jina la mhubiri. Sasa majina ni mengi na watoto ni wachache. Jina la Mbuku limesimama kwenye foleni, na mwenye kufungua dirisha amesema imetosha.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua nzuri. Panya wamefika kwenye mahindi.

Jumatano, 3 Desemba

Mke wa jirani yangu amejifungua msichana, hospitalini, salama. Wa kumi mwaka huu. Nilimbeba nikanusa kichwa chake kwa muda mrefu, hadi mama yake akanyosha mikono kumdai.

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua imekatika. Kunde zitaivumilia hali hii, mahindi sijui.

Jumatatu, 15 Desemba

Musyimi amepiga simu. Watakuja Krismasi, wote watatu. Wote watatu! Nitamwuliza. Nitamwuliza mara moja ya mwisho, kwa upole, mbele ya kaburi la babake kama itabidi.

Jumatano, 24 Desemba

Wamefika. Wajina wangu amepoteza meno mawili. Wavinya amekonda. Alinisalimia kwa mikono miwili na macho chini, akaenda moja kwa moja kwa mwaitu.

Alhamisi, 25 Desemba

Kanisa lilijaa, watu wa mjini walirudi na watoto wao wenye viatu vyeupe. Tulichinja mbuzi. Sikuuliza, kwa ajili ya sikukuu.

Ijumaa, 26 Desemba

Nitaandika yote, hata yale yanayonitia aibu.

Asubuhi Musyimi alikuwa anarekebisha lango la zizi. Nilimpelekea uji nikamwuliza. Sikuuliza kwa upole.

"Mum, si tulimaliza hii maneno? Mmoja ametosha. Si ni wewe ulikuwa unaambia watu kila nyumba?"

"Niliwaambia wapange. Sikuwaambia wafunge."

"Mum, tafadhali."

"Baba yako anangoja," nikasema, na sauti ilipanda. "Mimi nilipasuliwa tumbo kukupata wewe. Mke wako anaogopa nini? Anaogopa kunenepa?"

Alikuwa anatazama nyuma yangu. Wavinya alikuwa amesimama na karai la maganda ya ndizi ya mbuzi, na alikuwa amesikia. Alimwaga maganda pale penyewe na kurudi jikoni.

Nilijiambia acha asikie. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojiambia.

Mchana Musyimi alimpeleka mtoto Kabati. Mwaitu na Wavinya walikaa kivulini mwa nyumba wakimenya kunde mbichi, mimi nilikuwa ndani nikitafuta sufuria. Mwaitu alikuwa akizungumza mambo ya kawaida, mara mbuzi, mara goti lake. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya goti, "Mutindi anafuatwa na nani?"

Ni swali letu la kila siku, kumwuliza mama nani alizaliwa baada ya mtoto wake. Wanaulizana hivyo sokoni. Nilisimama na sufuria mkononi nikingoja Wavinya aseme hakuna.

Nilisikia kunde zikianguka kwenye ungo, halafu zikaacha kuanguka.

"Mbuku," Wavinya alisema.

Mwaitu alisema, "Ee," kama mtu aliyejibiwa. Akaendelea kumenya.

Nilitoka nje. Sikujua bado nimeshika sufuria hadi ilipogonga mlango. Wavinya alinitazama na hakukimbia, akasimulia akiwa ameketi, akizungusha ganda moja vidoleni. Pasaka ya mwaka jana walipokuja alikuwa na mimba ya miezi minne na nusu. Walikuwa wameambiwa ni mvulana. Walitaka kuniambia siku ya Jumatatu, baada ya watu kuondoka. Lakini Jumapili, kanisani, mama mmoja aliniuliza wajukuu, nami nikasema kwa sauti mbele yake, mmoja tu, hawa wa mjini wanaogopa uchungu. Akaona aibu, akamwambia Musyimi wangoje kidogo. Baada ya wiki mbili alianza kutokwa na damu kazini.

"Hakulia," alisema. "Musyimi ndiye alimshika. Tukamwita jina lake, kwa sababu lilikuwa lake tayari. Na mwezi wa nane mwaka huu ikatoka nyingine, hiyo hatukujua kama ni msichana ama ni kijana."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Musyimi alikataa. Alisema, Mum ameandika vifo vya watoto wa kila mtu hapa. Hiki asiandike."

Nilikaa chini, kwenye maganda. Nilitafuta neno la kusema na kila nililolipata lilikuwa la semina: pole, kliniki, pumzika miezi sita, muone daktari. Miaka kumi na minane nimekaa na wanawake waliopoteza mimba, nimewashika mikono, na huyu wangu nilimwita mwenye maringo. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu." Alitikisa kichwa, sijui kama ni ndiyo.

Baadaye nikauliza, "Alifanana na nani?"

Wavinya alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike. Alitabasamu, na machozi yakiwa pale pale. "Alikuwa mdogo hivi," akasema, akionyesha kiganja na sehemu ya mkono. "Lakini Musyimi alisema masikio ni ya marehemu baba yake."

Nililia sana. Mwaitu aliusogeza ungo katikati yetu ili na mimi nimenye, nikamenya nikiwa nalia hadi kunde zikaisha.

Jumamosi, 27 Desemba

Wameondoka. Musyimi alinikumbatia kwa muda mrefu langoni. Basi, mume wangu alirudi, akakaa na watu wengine, akaondoka, na mimi sikuwepo. Nina wivu na ile hospitali.

Jumatano, 31 Desemba

Nimetuma hesabu za mwaka. Waliozaliwa, kumi. Waliokufa, watano. Waliohama, kumi na mmoja. Farhiya alinijibu kwa simu, "Asante Mama Musyimi, imekaa sawa." Imekaa sawa kweli, sijaruka mtu anayetakiwa.

Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari hili. Nikaandika majina ya mwaitu yote, na mstari mtupu kati ya Ndululu na Kanini, nikauachia nafasi sawa na wengine. Chini yake nikaandika Mutindi. Chini ya Mutindi nikaandika Mbuku, na chini yake mstari mwingine mtupu. Sikutia namba pembeni.

Alhamisi, 8 Januari

Ndengu zinakauka vizuri. Mahindi yameleta magunzi ya kuchezea watoto.

Alhamisi, 15 Januari

Wavinya amepiga simu. Hakuuliza presha ya mwaitu kwanza. Aliuliza kama nimeshapata mtu wa kunisaidia kuvuna ndengu, nikasema sijapata. Watu watatu walikuwa wamejitolea.

Jumapili, 18 Januari

Wavinya alikuja jana na mtoto. Tulivuna pamoja tangu asubuhi hadi jua lilipotushinda, mwaitu akituelekeza kutoka kwenye kigoda chake na kutukosoa sote wawili bila upendeleo. Wavinya anavuna haraka kuliko mimi. Sikuwa najua, sikuwahi kumwacha karibu kiasi hicho. Tuliongea habari za daktari mmoja wa Machakos ambaye anataka kumwona tena, na hofu aliyo nayo Wavinya. Sikumpa ushauri. Nilimwambia tu kwamba akienda, nitapenda kumsindikiza, na kama hataki kwenda tena, nitapenda pia kuja Wote kumsalimia. Hilo la pili lilikuwa gumu kulisema. Bado nataka kuita lile jina uani, sitadanganya daftari langu.

Leo tulikwenda kanisani pamoja. Watu walipotoka, Mama Mbithi alitufikia, akamshika mtoto kidevu, akasema, "Mama Musyimi, huyu amekua mrefu. Sasa wajukuu ni wangapi?"

Nilihisi Wavinya amesimama tuli kando yangu.

"Wale unaowaona," nikasema.

"Si mimi naona mmoja tu."

"Huyu ni Mutindi," nikasema. "Anayemfuata ni Mbuku."

Mama Mbithi aligeuka kutazama nyuma yetu, kisha upande wa miti ambako watoto walikuwa wakicheza, akimtafuta. Hatukumsaidia. Wavinya alichukua Biblia yangu mkononi mwangu, akaiweka juu ya yake, akazibeba zote mbili hadi nyumbani.